Zulia la Mama Mkwe Halikanyagwi

Shasha, kando ya ziwa, asubuhi ya soko

Kwa Papa Esdras,
baba wa Gentille, mwenye nyumba ya mabati juu ya soko la Bweremana

Jambo: Malalamiko juu ya zulia, pamoja na ombi la kumalizia kazi iliyoanzwa na mbuzi

Papa Mkwe ninayekuheshimu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na yote miwili ina malengelenge. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wote wanaokula kwako. Naomba uisome polepole, kwa sababu nimeiandika polepole. Shule niliiacha njiani kule kwetu Walikale, na toka siku hiyo mimi na kalamu tunaonana kwenye mazishi na kwenye ubatizo tu.

Siandiki kwa hasira. Hasira yangu ilikwisha kwenda na maji ya sabuni. Naandika kwa sababu nataka mke wangu, Gentille, ashuke huku kwangu. Mbuzi wa mahari walifika kwako wote, wazima na wenye hamu ya kula. Nyumba niliyopanga hapa Shasha nimeitia mlango mpya. Kinachonitenganisha na Gentille ni zulia moja tu, tapi kama tunavyosema huku. Mama yangu ananipigia simu toka Walikale kila Jumapili baada ya ibada na kuniuliza, "Mukamwana wangu iko wapi?" Namjibu, "Iko nyuma ya tapi, Mama." Anadhani mtandao umeharibika. Anakata, anapiga tena.

Yaliyotokea unayajua, lakini nayaandika ili mtu mwingine wa ukoo akiisoma barua hii asitegemee habari za sokoni. Siku ile ya mahari, kaka yangu Fiston alileta toka Walikale bidoni ya plastiki yenye mafuta ya mawese, zawadi kwa mama mkwe wangu, Mama Geneviève. Kifuniko kilikuwa kimepotea njiani juu ya pikipiki, kwa hiyo Fiston aliiziba bidoni kwa gunzi la mahindi, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili. Tuliiweka sebuleni, juu ya zulia lenu la kahawia, mbele ya wazee. Mbuzi mkubwa akaingia, akang'oa gunzi, akalitafuna, na alipogeuka kutafuta la pili akaiangusha bidoni. Mafuta mekundu yakamwagika katikati ya zulia. Ndipo ulipoinuka, Papa, ukasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikifumba macho: "Mwenye kuchafua asafishe yeye mwenyewe, na mikono yake. Tapi ikirudia safi, bibi yako atashuka siku ile ile. Ikibakia chafu, na yeye anabakia."

Wazee wakatikisa vichwa kwamba hayo ni maneno ya hekima. Na mimi nilitikisa changu, kwa sababu nilikuwa katikati ya watu. Leo niko peke yangu, na ninaomba kukirudisha mahali pake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mbuzi alikuwa wako.

Kabla gunzi halijaliwa, baba mdogo wa Gentille, Kanyamibwa, alikuwa amekwisha kushika kamba na kusema mbele ya wote, "Tumepokea." Mtu akisema tumepokea, amepokea pembe, kwato na tabia. Kwa hiyo mbuzi aliyemwaga mafuta alikuwa mbuzi wa Bweremana, si mbuzi wa Walikale. Nilipomkumbusha Kanyamibwa jambo hilo, alinijibu, "Mukwe, sisi tulipokea mbuzi. Kinywa yake hatukuipokea." Watu walicheka sana. Mimi nauliza tu, kwa heshima: huyo mbuzi, tangu siku ile, anakula majani yenu kwa kinywa cha nani?

2. Ulinifunga mikono, na desturi ikanifunga miguu.

Kazi yangu hapa Shasha ni kuosha mazulia. Mzee aliyenipa kazi anapokea mazulia ya makanisa, ya sale, yaani kumbi za harusi, hata ya wakubwa wa Goma ambao hawapendi kusema yalichafuka namna gani. Tunayatandika juu ya mawe ukingoni mwa ziwa, tunayamwagia maji na sabuni, tunashikana mabega, tunaimba na kukanyaga. Miguu ndiyo mashine yetu. Kisigino kinausukuma uchafu, vidole vinauvuta nje, na ziwa linaupokea bila kuuliza ulitoka kwa nani. Sijaona bado zulia linaloshinda miguu ya wanaume waliokwisha kunywa chai.

Lakini zulia lako si la kanisa. Juu yake ndipo Mama Geneviève anapokaa kuchambua maharage, na ndipo anapopiga magoti asubuhi. Kwetu Walikale, mkwe hakanyagi mahali mama mkwe anapokaa. Ukikuta mkeka wake njiani unauzunguka, na kama hakuna pa kuzunguka unarudi ulikotoka. Babu yangu alikosa nyama ya Krismasi kwa sababu mkeka wa mama mkwe wake ulikuwa umeanikwa mlangoni. Alisimama nje mpaka watu wakala wakamaliza, na hakuna aliyemcheka, maana kila mwanaume pale alijua kwamba zamu yake itafika.

Sasa tazama vile ulivyonifanyia. Uliposema nilioshe zulia peke yangu, ulinikataza miguu ya wenzangu. Desturi ikanikataza miguu yangu. Njia iliyo bora kuliko zote, njia ninayoijua hata nikiwa na usingizi, ndiyo ile ile ambayo siwezi kuitumia kwa ajili ya mke wangu mwenyewe.

3. Njia nyingine zote nimezijaribu, na zote zimenidanganya.

Nakuelezea moja moja, usije ukasikia kwa watu kwamba mimi ni mvivu.

Nilianza na fimbo, kwa sababu ni rahisi na wazee wetu waliitumia. Nilitundika zulia juu ya kamba kati ya mikaratusi miwili, nikalipiga. Papa, sikujua nyumba moja inaweza kuweka vumbi kiasi kile na watu wake bado wakapumua. Jirani yangu Mama Léontine alitoka mbio kuokoa nguo zake kwenye kamba, akapiga kelele, "Théophile! Ni mulima imelipuka ao ni wewe?" Fimbo ni njia nzuri kwa vumbi, na kwa mtu aliyegombana na mkubwa wake kazini. Kwa mafuta haina maana. Vumbi lilipotulia, doa lilikuwa pale pale, jekundu, na lilionekana vizuri kuliko mwanzo.

Ya pili ni unga wa mihogo. Hiyo ni ya kweli, hata wafua nguo wanaijua: unga mkavu unakunywa mafuta. Nilinyunyiza unga juu ya doa, nikaliacha juani. Walikuja kuku. Niliwafukuza. Ikaja mvua, na hiyo sikuweza kuifukuza. Niliporudi nilikuta bugali imejipika yenyewe juu ya zulia, ikakauka, ikashika nyuzi. Niliikwangua kwa mwiko mpaka jua likazama, huku Mama Léontine akiniuliza juu ya ua kama nahitaji sombe ya kulia bugali hiyo. Unga ulikunywa mafuta, sikatai. Lakini pale nilipokwangua, doa lilikuwa limepanuka kutoka ukubwa wa sahani kufikia ukubwa wa sinia.

Ya tatu ni povu na brashi. Hii wanaipenda watu wa ofisi, kwa sababu haiwalowanishi viti. Unapiga sabuni mpaka inakuwa povu tupu, unachukua povu bila maji, unasugua toka ukingoni kwenda katikati, kisha unafuta kwa kitambaa. Povu linabeba uchafu juu, kama vile maziwa yanavyobeba mafuta yake. Nilisugua bila kukanyaga: nilifunga brashi kwenye mwanzi mrefu, nikasimama juu ya jiwe, nikaonekana kama mtu anayemwamsha nyoka kwa adabu. Kila kitambaa nilichofutia kilitoka cheusi kama sufuria ya matanga. Nikafurahi. Nikasema, leo Gentille atashuka. Povu lilipokauka, doa lilikuwa limekua tena, limekuwa kama mlango, na wekundu wake ulikuwa umechangamka kama mtu aliyetoka kuoga. Mafuta ya mawese yanatembea chini chini ndani ya zulia, Papa, kama habari mbaya ndani ya kijiji.

Ya nne ni mashine. Niliamua kutochezea mambo tena, nikalipakia zulia juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, nikalisukuma mpaka Goma. Kuna hoteli moja huko ambayo mlinzi wake ni mtu wa kwetu, akaniombea ruhusa. Hiyo mashine inatema maji ya moto na hapo hapo inayameza pamoja na uchafu. Nakuambia ukweli: niliipenda mashine ile kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Haichoki, haisemi, haina mama mkwe. Tangi lake lilijaa maji meusi, tukamwaga, likajaa tena. Ilipofika katikati, umeme ukakatika. Mashine ilikuwa imekwisha kutema, bado haijameza. Tukangoja. Umeme haukurudi. Njia hii ni bora sana kwa nchi ambayo umeme unakaa.

Basi nikarudi na zulia lililojaa maji ya Goma, limeviringishwa ndani ya turubai, likiwa refu na zito juu ya chukudu. Karibu na Mubambiro watu walianza kuvua kofia. Mama mmoja mwenye kikapu alitembea kando yangu kwa huruma, akaniuliza, "Pole, kaka. Ni nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni tapi ya mukwe wangu, na bado haijatoka doa. Akatazama maji yanayotiririka chini, akasema, "Kama uko namurudishia mukwe tapi ya namna ile, basi ni wewe njo utakufa." Akasonga mbele kidogo akiimba wimbo wa mazishi, kwa ajili yangu.

Nilipolifungua nyumbani, doa lilikuwa limekuwa kama kitanda. Kitanda cha watu wawili, Papa. Nililitazama nikaona haya.

4. Jina langu limeharibika kazini.

Wenzangu wananiita Docteur ya Doa. Wakipumzika wanakuja kusimama kando ya zulia lako na kutoa pole, kama watu wanaomtembelea mgonjwa: "Ameamukaje leo? Amekula?" Mkubwa wetu ananiambia kwamba wateja wanaliona limetundikwa pale, jekundu katikati na la kahawia kandokando, na wanadhani hiyo ndiyo kazi yetu. Juzi mchungaji mmoja aligeuza zulia lake la madhabahu akaenda nalo kwingine. Mimi nilikuja huku toka msituni ili nitafute maisha, si ili nifukuze mazulia ya Bwana.

Na jioni, nikiisha kuning'iniza zulia, naingia nyumbani peke yangu. Nafungua mlango mpya, nafunga mlango mpya. Nimepika maharage mabaya ambayo hata kuku wa Mama Léontine wameyakataa, wale waliokula unga juu ya zulia. Gentille aliniambia kwa simu kwamba kwenu ameanza tena kulima shamba lake la zamani. Mwanamke akianza kulima kwao, Papa, anaanza kungoja mavuno. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko doa lenyewe.

5. Doa limeshinda kihalali.

Hapa ndipo naomba unisikilize kwa moyo mpana. Nimelitandika zulia, nimelipima kwa mwanzi. Doa limepita nusu. Katika nchi yetu, anayepita nusu anaitwa mheshimiwa, anapewa gari, na waliobaki wanashauriwa kumzoea. Kwa nini doa langu linyimwe haki ambayo watu wabaya zaidi wameipata?

Tena nimefikiri sana juu ya doa ni kitu gani. Doa ni ugomvi wa rangi mbili. Rangi ikiwa moja, hakuna ugomvi, na pasipo ugomvi hakuna doa. Shati lililoingia matope kidogo linaitwa chafu. Shati lililotiwa matope lote linaitwa la kahawia, na mtu anavaa anakwenda nalo kanisani. Kwa hiyo naomba kwako ruhusa iliyo rahisi: Fiston alete toka Walikale bidoni nyingine ya mawese, safari hii yenye kifuniko, tuimwage juu ya sehemu iliyobaki, tuipake sawasawa mpaka kwenye pindo. Zulia litakuwa jekundu lote. Halitakuwa na doa hata moja. Sharti lako litakuwa limetimia, na wazee watatikisa vichwa tena.

Ukiona vigumu kukubali, basi naomba sharti lifutwe kabisa, kwa sababu halina haki. Hakuna njia duniani, si fimbo, si unga, si povu, wala mashine ya Goma, inayoweza kulisafisha zulia hili. Mtu hafungiwi mke nyuma ya kitu kisichowezekana. Ningeambiwa nihamishe mlima, ningekuwa nimefika nusu, na ningekuwa nimekaa kivulini.

Nimemaliza. Kama kuna neno limepita mpaka, ulifute kwa povu. Msalimie Mama Geneviève, na umwambie sijakanyaga hata uzi mmoja. Msalimie baba mdogo Kanyamibwa na hoja zake. Wasalimie majirani wote walioliona zulia likitoka, na wale watakaoliona likirudi. Msalimie Gentille pole pole, pasipo watu.

Ni mimi, mkwe wako mtiifu na mchovu,

Théophile

N.B. Papa, barua ilikuwa bado mfukoni, nikingoja mtu wa kuipandisha Bweremana, mambo yakabadilika. Nafungua tena nikuandikie.

Mama Geneviève na Gentille walishuka hapa sokoni kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Walinikuta juu ya jiwe langu na mwanzi wangu. Mama akasimama, akasema, "Théophile, uko naosha tapi ao uko navua samaki?" Nikamweleza desturi ya kwetu nikiwa nimeangalia chini. Akasema, "Ile desturi inakukataza wewe. Mimi inanikataza?" Akavua viatu vyake, akampa Gentille kikapu, akapanda juu ya zulia. Wamama wa sambaza walipoona, nao wakavua. Wakashikana mabega, wakaimba ule wa kwaya yao. Maji yaliyotoka hapo, Papa, yalikuwa meusi hata wavuvi wakasogeza mitumbwi.

Walipomaliza, zulia lilikuwa jekundu. Jekundu mpaka kwenye pindo. Mama akainama akashika pindo. Halafu akasema polepole, "Esdras aliniletea tapi nyekundu. Mimi nilikuwa nimesahau." Kumbe mawese yalikwisha kutoka siku ya unga. Kumbe lile nililoliita doa ni pale nilipokuwa nimeosha. Fimbo, unga, povu na mashine zote zinafanya kazi, na ninaziomba msamaha.

Gentille akasema, "Papa alisema safi. Iko safi." Akaingia kwangu na kikapu mkononi.

Lakini kumebaki mahali padogo pamoja pa kahawia, panapokuwa mbele ya kiti chako sebuleni, pale unapopumzisha miguu. Wamama walikanyaga mpaka nyimbo zikaisha, hapatoki. Mama akapatazama, akauliza, "Nani alichafua hapa?" Wamama wakaanza kuvaa viatu. Akasema, "Basi mwenye kuchafua asafishe yeye mwenyewe, na mikono yake. Ikibakia chafu, na mimi nabakia." Naye akaingia kwangu.

Sasa, Papa, unajua desturi yetu. Mkwe halali kwenye nyumba anamolala mama mkwe. Mke wangu yuko kwangu, nami niko kazini, nalala juu ya mazulia ya makanisa, nawasikia wakicheka ndani.

Kwa hiyo yote niliyoandika huko juu yasome kama hayakuandikwa. Sharti lako ni la haki, ni la hekima, na linawezekana kabisa. Zulia linasafishika. Shuka upesi, njoo na suruali ya kazi. Nakushauri uanze na unga mkavu, halafu povu toka ukingoni, halafu miguu, maana wewe hukatazwi. Brashi nimekuwekea. Naomba iwe leo, Papa, kwa sababu nimemsikia Mama akimuuliza Gentille kama kitanda chetu kinaweza kusogezwa karibu na dirisha.